Kugawa msaada wakati wa ugonjwa wa mlipuko: mwongozo kwa kamati za mitaa ya Nairobi

Kafyu ya saa moja jioni ilianza tarehe 27 Machi 2020. Siku chache baadaye nilikaa na wenzangu sita chini ya mabati ya ukumbi mmoja Mathare, tukiandika majina ya nyumba zitakazopewa chakula. Tulianza saa nane mchana, tukafunga daftari saa kumi na moja ili kila mtu awahi kwake. Tuliwaandika waliofika.

Wiki iliyofuata nilipita kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga karibu na mto. Jirani akaniambia kuna mlango haujafunguliwa tangu juzi. Tulibisha hodi mpaka ukafunguka kidogo. Alikuwa mama fua mwenye watoto watatu. Nyumba zote alizokuwa akifulia, Pangani na Parklands, zilikuwa zimemwambia asirudi mpaka ugonjwa uishe. Siku ile tuliyoandika majina alikuwa amekwenda kwa miguu kuulizia kibarua, akarudi jioni mikono mitupu. Hakuna aliyemnyima nafasi, ila sisi tulikaa mezani saa ambazo mtu kama yeye hawezi kuwepo.

Mwongozo huu ni kwa wazee wa mtaa, wanakamati, viongozi wa chama cha kuweka akiba, wahudumu wa afya ya jamii na maafisa wanaoletewa msaada wa umma na kuambiwa waugawe. Nimeuandika kwa yale ya korona, lakini kipindupindu nacho huja Nairobi, na mafuriko pia, na kazi ni ile ile.

Hatua ya kwanza: chambua masharti kabla ya kuandika jina lolote

Msaada hauji bila masharti. Utaambiwa mtu awe na kitambulisho, awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, awe anajulikana na mzee wa mtaa, afike mwenyewe. Chukua karatasi, andika kila sharti upande wa kushoto. Upande wa kulia andika ni nani katika mtaa wako atakayeangushwa na sharti hilo. Usiandike “watu maskini.” Andika kwa namna ambayo mwenzako atajua aende ploti gani.

Sharti la kitambulisho linamwacha mkimbizi wa Eastleigh au Kayole, msichana wa miaka 17 anayelea wadogo zake, na Mnubi wa Kibera ambaye kitambulisho chake kimekwama ofisini. Sharti la simu linamwacha mzee ambaye simu yake iliuzwa mwezi wa kwanza wa shida. Sharti la kujulikana na mzee wa mtaa linamwacha mpangaji aliyehamia wiki mbili zilizopita, na hasa yule aliyekosana na mzee wa mtaa.

Mpango wa Serikali wa Inua Jamii ni mfano mzuri. Unalipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, kwa nyumba zenye mayatima na watoto walio hatarini, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Ni msaada wa maana sana, na uliowafikia walishukuru. Lakini janga lilipokuja, waliopoteza kila kitu kwa siku moja walikuwa watu wa miaka 30 na 40: wa mjengo, mama fua, wachuuzi, wahudumu wa hoteli. Hao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya zamani. Ukiambiwa utumie orodha iliyopo, itumie kama mwanzo tu, kisha omba kwa maandishi ruhusa ya kuongeza waliokosekana. Ombi la mdomo husahaulika ofisini.

Hatua ya pili: orodha itengenezwe mlangoni

Hii ndiyo hatua inayokula muda, na kama una siku tano za kazi nzima, tumia tatu hapa.

Gawa mtaa kwa ploti. Kila ploti ipitiwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja wala chama kimoja, angalau mmoja awe mwanamke. Wapite mara mbili: mara moja asubuhi mapema kabla watu hawajatoka, na mara ya pili jioni au Jumapili. Mlango uliofungwa mara zote mbili usiandikwe “hakuna mtu.” Andika “kurudi,” na utaje nani atarudi na lini.

Mkishapita, nendeni kwa watu wanne ambao mara nyingi hakuna anayewauliza.

Wa kwanza ni muuza maji. Anajua nani alikuwa akichukua mitungi minne kwa siku na sasa anachukua mmoja. Nyumba iliyoacha kununua maji wakati wa ugonjwa unaotaka watu wanawe mikono imeshafika pabaya.

Wa pili ni mwenye kioski. Ana daftari la deni. Usimwombe akuonyeshe, maana ni siri ya wateja wake. Muulize tu: ni nyumba gani ulizokuwa ukizikopesha na sasa umelazimika kukataa? Mwaka 2020, mwenye kioski mmoja alinitajia nyumba tisa bila hata kufungua daftari. Tano hazikuwa kwenye orodha yetu.

Wa tatu ni mwalimu wa shule ndogo za mtaani. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto waliokuwa wakila mlo wao wa uhakika shuleni waliukosa siku hiyo hiyo. Mwalimu anawajua kwa majina.

Wa nne ni mhudumu wa afya ya jamii. Anawajua waliolala kitandani, wanaotumia dawa za kifua kikuu, na wengine ambao hawawezi kumeza dawa bila chakula tumboni. Hapa kuwa mwangalifu mno. Akupe nambari ya mlango tu, asikutajie ugonjwa, na wewe usiuandike. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, mtu akijua hali yake imeandikwa kwenye daftari linalozunguka mtaani hatakufungulia mlango tena.

Orodha ikishakamilika, swali litakuja: ibandikwe ukutani? Nimeona kamati zikigombana kwa ajili ya jambo hili. Maoni yangu ni kwamba majina yasibandikwe. Bandika vigezo vya kuchagua kwa Kiswahili chepesi, idadi ya nyumba zilizochukuliwa katika kila ploti, kiasi ambacho kila nyumba itapata, na nambari za kadi bila majina. Kila aliyeandikwa apewe kadi yake, yaani kikaratasi chenye nambari. Hivyo jirani akiona ploti moja ina nyumba kumi na mbili na nyingine haina hata moja, anaweza kuuliza, na hakuna mtoto atakayechekwa na wenzake.

Hatua ya tatu: pesa au chakula

Kama una uwezo wa kuchagua, toa pesa. Nitaeleza kwa nini kwa kilichonitokea.

Tulipeleka furushi kwa shosho mmoja: unga pakiti mbili, maharagwe makavu kilo mbili, mafuta ya kupikia na sabuni. Alitupokea kwa baraka nyingi. Tulipogeuka kuondoka akaniita nyuma.

“Mwanangu, haya maharagwe nitayapikia nini?”

Nikatazama jikoni kwake. Jiko lilikuwa safi, majivu yamefagiliwa. Maharagwe makavu huchemka saa mbili, wakati mwingine tatu, na hayo ni makaa ya mkebe mzima na zaidi. Mtu anayenunua mafuta ya kupikia ya shilingi kumi na makaa ya siku kwa siku hawezi kupika chakula cha namna hiyo. Shosho aliishia kumpa jirani nusu ya maharagwe ili nusu nyingine ichemshwe kwenye jiko la jirani. Jirani alimfanyia wema, lakini furushi lilipungua kabla halijaliwa.

Basi, ukilazimika kutoa chakula, weka kinachoiva haraka: ndengu, mchele, unga, na dagaa mahali wanapoliwa. Maharagwe yatolewe yakiwa yamechemshwa, kama kuna jiko la pamoja la kanisa au msikiti lililokubali. Weka na kitu cha kuwashia moto. Na usisahau pedi za wanawake. Kamati ya wanaume watupu husahau kila mara.

Ukitoa pesa, piga hesabu ya kiasi mkiwa na wapangaji wenyewe. Kodi ya chumba, maji, chakula, moto. Serikali ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa baadhi ya nyumba mwaka 2020. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya Julai 2021 ilionyesha kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia za mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyozipata. Waliozipata walinunua chakula, lakini kodi ilibaki pale pale, na mwenye nyumba hapokei mia mbili mia mbili. Ninapendekeza malipo ya kwanza yawe makubwa, yatoke kabla ya tarehe tano ambapo kodi hudaiwa, kisha yafuate madogo ya kila wiki. Na kabla ya malipo ya kwanza, kamati iende kwa wenye nyumba na makeateka wanaowasimamizia ploti, iwaombe waandike kwamba hawatafunga milango wala kuezua mabati muda wote wa msaada. Si wote watakaokubali. Kwetu walikubali zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu waliona angalau kitu kitalipwa.

Ongeza ada ya kutoa pesa juu ya kiasi. Kuanzia Machi 2020, kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulifanywa bure kwa miezi kadhaa, lakini kutoa pesa kwa wakala kuliendelea kulipiwa. Kwa mtu mwenye nyumba na gari ni pesa ndogo. Kwa anayehesabu nyanya ni mboga ya jioni.

Neno moja kuhusu kazi za malipo. Kazi Mtaani, mpango wa Serikali wa vibarua, ilisaidia vijana wengi kuanzia Aprili 2020, wakizibua mitaro na kusafisha mitaa. Katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku. Ulikuwa mpango mzuri kwa mwenye nguvu. Mzee, mama aliyejifungua juzi na mtu mwenye kikohozi hawawezi kushika sepetu, kwa hiyo mpango wa kazi usichukue nafasi ya msaada wa moja kwa moja. Viende pamoja.

Hatua ya nne: asiye na kitambulisho, asiye na simu

Asiye na kitambulisho aandikwe kwa ushahidi wa watu watatu: mzee wa mtaa, jirani wa mlango wa karibu, na mtu mmoja anayemjua kwa njia nyingine, kama mwalimu au mhudumu wa afya. Kubali hati ya mkimbizi, cheti cha kuzaliwa, hata karatasi ya kusubiria kitambulisho. Piga picha ya mtu huyo akiwa ameshika kikaratasi chake cha nambari ikiwa amekubali. Akikataa, usimlazimishe, ushahidi wa watatu unatosha.

Kwa asiye na simu kuna njia mbili. Ya kwanza, apewe pesa taslimu mkononi mbele ya mashahidi wawili, atie sahihi au dole gumba. Ya pili, ataje mwenyewe mtu wa kumpokelea. Nasisitiza ataje mwenyewe, akiwa peke yake, bila huyo mtu kusimama kando. Kisha ndani ya siku mbili mwanakamati aende amuulize uso kwa uso: ulipata? Kiasi gani? Tuligundua kwa njia hii kwamba kijana mmoja alikuwa akimpelekea mjomba wake nusu tu ya pesa. Tulibadilisha mpokeaji siku hiyo hiyo, bila kelele na bila kumwanika kijana.

Kuna jambo jingine zito. Katika nyumba nyingi laini ya simu ni ya mume. Wakati wa kafyu watu walifungiwa ndani pamoja na hasira zao, na pesa ya msaada ikawa chanzo cha kipigo kwa wengine. Muulize mama akiwa peke yake pesa ije kwa njia gani. Akisema apewe chakula badala ya pesa, mpe chakula. Anajua kwa nini. Nyuma ya kila kikaratasi cha nambari andika 1195, nambari ya bure ya kuripoti dhuluma za kijinsia, na 116, ya kuripoti mateso ya watoto. Nambari zikiandikwa kwenye karatasi ambayo kila nyumba inayo, hakuna atakayeulizwa kwa nini anayo.

Hatua ya tano: siku ya kugawa

Tarehe 10 Aprili 2020, Ijumaa Kuu, watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula nje ya ofisi ya utawala. Polisi walifyatua vitoa machozi, watu wakaumia vibaya. Umati ulioambiwa usikaribiane kwa sababu ya ugonjwa uliitwa mahali pamoja na chakula kisichotosha.

Usiite watu kwa kipaza sauti. Usitangaze “chakula kipo.” Peleka mzigo kwenye ploti, nyumba kumi kumi, ukianza na waliolala kitandani. Kama lazima watu waje, nambari za kadi zigawiwe saa: 1 hadi 15 saa mbili, 16 hadi 30 saa tatu. Maji na sabuni viwe mlangoni kabla mtu wa kwanza hajafika. Wajawazito na wazee wasisimame hata kidogo. Kama kuna kafyu, kila kitu kiishe saa mbili nzima kabla yake, maana wanaogawa nao wana safari ya kurudi. Na asiyetokea apelekewe kwake kabla ya jua kuzama.

Mwanasiasa akitaka kuja kupiga picha, mwambie aje siku nyingine. Najua ni vigumu kusema hivyo, na huenda ukasemwa vibaya. Sema tu.

Hatua ya sita: malalamiko

Anayepokea malalamiko asiwe aliyeandika orodha. Wekeni daftari la pili, lishikwe na mtu ambaye mtaa unamwamini: mama wa chama, imamu, mchungaji, mwalimu mstaafu. Kila lalamiko lijibiwe ndani ya siku saba, hata kama jibu ni “hapana, kwa sababu hii.”

Mnapokwama juu, kwa mfano majina mliyoyapeleka yamepotea ofisini au hamjui ni nani aliyelipwa, kuna njia ya kisheria. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kwamba Serikali itawapa usaidizi wa kijamii wanaoshindwa kujikimu na wanaowategemea. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo, na afisa analazimika kumwandikia. Ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini habari ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Ugonjwa wa mlipuko na njaa ni mambo ya uhai, basi taja hivyo waziwazi kwenye mstari wa kwanza wa barua. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Hatua ya saba: orodha ipitiwe upya, kisha itunzwe

Kila wiki mbili, pita tena. Mitaa yetu huhama. Kuna aliyefungiwa chumba akahamia kwa dada yake Dandora, kuna ploti iliyoungua, kuna waliobomolewa nyumba katikati ya msimu wa mvua. Aliyehama asifutwe, tafuta aliko, na kama ni kaunti ndogo nyingine, mpeleke kwa kamati ya huko ukiwa na kikaratasi chake. Aliyepata kazi mwambie uso kwa uso kwamba nafasi yake inaenda kwa mwingine, na umpe wiki mbili za kujipanga. Na waambie wote mapema, tena kwa tarehe, msaada utaisha lini.

Daftari letu la 2020 lilikuwa na nyumba 340 mwishoni. Lilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha katibu. Mto Mathare ulipofurika mwaka 2024, tulilihitaji tena ili tujue nani anaishi peke yake na nani hawezi kutembea, tukakuta maji yamelifikia kabla yetu. Wino wote ulikuwa umetoka. Tulianza upya, mlango kwa mlango, kwenye matope, na wale wale tuliokuwa tumewakosa mara ya kwanza tukawafikia siku ya tatu.

Kwa hiyo nakala ziwe mbili. Moja iwe na katibu, nyingine mahali palipoinuka nje ya bonde la mto, kwa mtu asiye wa kamati, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi na watu watatu. Juu ya bahasha andika tarehe ya kupitiwa upya, na majina ya wanaoruhusiwa kuifungua. Ifunge na kwa plastiki.